Usinunue Mkanda Kwanza

Wengi wanaoniletea kelele za mkanda huja na mkanda mpya mkononi. Wameshapita dukani, boksi bado halijafunguliwa, na wanachotaka ni mtu wa kuufunga tu. Huwa naupokea, nasoma namba zake, nauweka juu ya benchi, kisha nafungua boneti na kusikiliza. Hapo mteja huanza kuangalia saa.

Mimi ni fundi wa magari hapa Morogoro, upande wa Msamvu. Kazi nilijifunza VETA Kihonda, na iliyobaki nimejifunza chini ya magari ya watu. Ni mwanamke, kwa hiyo mgeni akifika hunisalimia vizuri, akakaa kwenye benchi, akaniuliza fundi anarudi saa ngapi. Nimezoea. Msamvu ndipo barabara ya Dar inapogawanyika, moja ikaenda Dodoma na nyingine Iringa, hivyo magari yanayoingia kwangu mengi yametoka mbali na bado yana safari. Dereva wa namna hiyo hataki maelezo, anataka kelele ikome aondoke.

Nami naelewa. Lakini mkanda ukilia, mara nyingi shida iko kwa jirani yake. Beringi imekwisha, puli haikukaa sawa, oili inadondoka kutoka juu, kikazio, yaani tenshena, kimechoka. Ukifunga mkanda mpya juu ya shida hiyo, utanyamaza kwa muda, pengine mpaka ufike Gairo, kisha utaanza tena. Na safari hii utasema duka limekuuzia feki.

Ninaouzungumzia ni ule mkanda wa mpira ulio ubavuni mwa injini, ambao mafundi tunauita fenibelti hata kwenye magari ambayo feni yake inaendeshwa na umeme. Sio taimingi belti. Ule wa taimingi una meno, umefichwa ndani ya kava, na ukikatika kwenye injini nyingine valvu hugongana na pistoni; hiyo ni habari ya siku nyingine. Huu wa nje unaonekana kwa macho. Unachukua mzunguko kutoka puli kubwa ya kranki chini, unaupeleka kwenye alteneta inayochaji betri, kwenye pampu ya maji, kwenye kompresa ya AC, na katika magari mengi kwenye pampu ya stelingi. Kwenye Toyota IST, gari ambalo nalifungua karibu kila wiki, mkanda mmoja unabeba alteneta, pampu ya maji na AC.

Watu huudharau kwa sababu ni mwembamba. Hebu tupige hesabu. Puli ya kranki yenye upana wa sentimita 14 ina mzingo wa sentimita 44 hivi. Injini ikiwa imesimama kwenye foleni, inazunguka kama mara 700 kwa dakika, basi mkanda unapita mita 308 kwa dakika. Hiyo ni karibu kilomita 18 kwa saa, na gari lenyewe halijasogea hata hatua. Ukiwa barabarani, injini ikizunguka mara 3,000, mkanda unakimbia karibu kilomita 79 kwa saa, huku ukijikunja kwenye puli ndogo ya alteneta na kujinyoosha tena, kila mzunguko. Alteneta yenyewe kwa wakati huo inazunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika, maana puli yake ni ndogo. Kitu kinachofanya kazi hiyo kila siku kikipiga kelele, kina haki ya kusikilizwa.

Kwa hiyo nasikiliza. Kelele ziko za aina tatu, na ukizitenganisha umeshafanya nusu ya kazi.

Ya kwanza ni ile ndefu, "kwiiiii", inayowaamsha majirani. Hiyo ni ya mkanda kuteleza. Mpira unatakiwa kuishika puli na kwenda nayo sawasawa. Ukishindwa mzigo, unashika, unaachia, unashika tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja, na mtetemo huo ndio sauti. Upinde wa zeze la Wagogo unalia kwa njia hiyohiyo: unashika uzi, unauachia, unaushika tena. Tofauti ni kwamba zeze linapigwa na mtu anayejua.

Ndiyo maana kelele hii hutokea wakati mzigo umeongezeka. Asubuhi, mara tu baada ya kuwasha, alteneta inahangaika kurudisha umeme ambao stata imeula kutoka betri, na mpira bado una baridi na pengine umande. Ukikata usukani mpaka mwisho wakati wa kupaki, pampu ya stelingi inakuwa nzito. Ukibonyeza AC, kompresa inaingia kazini ghafla. Mteja akiniambia gari linalia asubuhi tu kisha linanyamaza, simwambii mkanda umepona. Namwambia unateleza kila mzigo ukiwa mkubwa, na baada ya dakika chache mzigo wa alteneta hupungua.

Ya pili ni fupifupi na ina mpigo: "chwi, chwi, chwi." Ukikanyaga mafuta inaharakisha, ukiachia inapunguza. Hii huchanganywa na ya kwanza, na ndiyo inayoongoza kwa kuuza mikanda isiyohitajika. Chanzo chake kikubwa ni puli kutokuwa kwenye mstari mmoja. Mkanda wa siku hizi una mifereji kwa urefu wake, na puli nayo ina mifereji. Moja ikiwa imeegemea nje au ndani kidogo tu, mkanda unaingia ukiwa umepinda na unakwaruza ukuta wa mfereji kila unapopita.

Ya tatu si ya mkanda kabisa. Ni mngurumo mzito, "grrrr", au sauti ya chuma kinachosaga. Hiyo ni beringi: ya alteneta, ya pampu ya maji, ya tenshena, ya ile puli ya kupitisha isiyofanya kazi nyingine, au ya puli ya kompresa. Hiyo ya mwisho inazunguka hata kama AC umeizima, kwa hiyo mtu asikuambie haiwezi kuwa yenyewe kwa sababu hutumii AC.

Masikio yakishindwa kuamua, nachukua chupa ya kunyunyizia, ile ya wanaonyoosha nguo, yenye maji matupu. Injini ikiwa inaunguruma, nanyunyiza kidogo kwenye upande wenye mifereji, mbali na alteneta. Kisha nasubiri. Kelele ikikatika mara moja, halafu ikarudi maji yakikauka, naanza kutafuta puli iliyopinda, kwa kuwa maji yalilainisha ule mkwaruzo. Kelele ikiongezeka, mkanda umelegea au umekwisha, kwa kuwa maji yamefanya uteleze zaidi. Ikibaki vilevile, naenda kwenye beringi. Kipimo hiki hakina gharama, kinachukua dakika moja, na sijaona kifaa cha bei kubwa kinachokizidi kwa gereji kama yangu.

Tahadhari kabla hujajaribu mwenyewe: mikono mirefu ikunje, kanga na tai viache mbali, nywele zifunge, na usimame pembeni ya mkanda, sio mbele yake. Feni ya umeme ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Vidole havina spea.

Niwaeleze habari ya mwalimu mmoja wa sekondari mwenye IST. Alishabadilishiwa mkanda mara mbili ndani ya muda mfupi, mahali tofauti, na kelele ilirudi mara zote mbili. Alifika na mkanda mwingine kwenye boksi, akiwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya watu wote wanaoshika spana.

"Dada, mimi nataka original," akaniambia. "Nimechoka na hizi za kuchakachua."

"Sawa, mwalimu. Lakini nipe dakika kumi kwanza, tuuone huu uliopo."

"Huu si umeshakufa?"

"Tuutazame."

Nikauvua. Mkanda ulikuwa mzuri, na maandishi yake bado yanasomeka. Lakini mifereji yake ilikuwa inang'aa na kunata, nikaunusa, ukanukia oili. Nikapitisha kidole chini ya kava ya juu ya injini, kwenye kona iliyo upande wa mkanda. Kikatoka cheusi. Gasketi ya tapeti kava ilikuwa imekauka na kuwa ngumu, oili inachuruzika polepole ubavuni na kufika kwenye puli. Kila mkanda uliofungwa pale ulikuwa unaogeshwa oili ndani ya wiki chache. Tukabadilisha gasketi, nikasafisha puli zote kwa sabuni ya unga na brashi, nikazikausha, ndipo tukafunga mkanda. Ule wa original alioutaka haukuhitajika. Aliokuja nao kwenye boksi ulikuwa na namba sahihi na kampuni ya kuaminika.

Oili sio adui pekee. Mafuta ya stelingi yanaharibu mpira kwa namna hiyohiyo, na maji ya rejeta yaliyochanganywa na kulanti yana tabia ya kunata yakikauka, hivyo pampu ya maji inayovuja kidogo sana, ambayo hata huoni tone chini ya gari, inaweza kutangazwa na mkanda mapema. Hapo mkanda umekusaidia. Ukiubadilisha tu bila kuangalia pampu, umemnyamazisha shahidi.

Kuna dereva wa Noah ya zamani, ile ambayo injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kelele zote zinapanda moja kwa moja kwenye makalio ya dereva na abiria wa mbele. Mzee huyu hubeba abiria na mizigo ya Mvomero. Gari lake lilianza "chwi, chwi" baada ya kufungwa alteneta ya mtumba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hii kelele itaniua. Abiria wanadhani gari bovu."

Nikainua kiti, nikawasha, nikanyunyiza maji. Kimya. Tukahesabu kidogo, ikarudi. Basi nikachukua rula ndefu ya chuma, nikailaza usoni pa puli ya kranki na kuifikisha kwenye puli ya alteneta. Ikabaki nafasi ya kupitisha sarafu. Alteneta ile ilitoka kwenye injini nyingine inayofanana. Miguu yake inaingia, bolti zinaingia, lakini puli imekaa nje kidogo. Aliyeifunga aliona, maana aliweka washa kuirudisha, ila aliziweka upande usiofaa na kuisukuma nje zaidi. Nikazihamisha. Nikapima tena kwa rula mpaka chuma kikagusa pote. Mzee alilipa pesa ya chai, akasisitiza aniongezee, nikakataa, tukaishia kunywa chai kweli.

Sasa tuje kwenye kukaza, mahali ambapo mafundi wenzangu wengi, hasa kaka zetu waliotutangulia, hatutapatana.

Waliojifunza kazi kwenye Peugeot 504, Datsun na Land Rover walikuta mkanda wa umbo la V, mmoja mnene, mara nyingi ukizungusha feni, pampu ya maji na alteneta. Ule ukilia, asilimia kubwa ulikuwa umelegea. Dawa ilikuwa kulegeza bolti ya alteneta, kuisukuma nje kwa mpini wa nyundo, na kukaza. Kelele inakoma, mteja anafurahi. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 Ford wa Marekani wakaanza kutumia mkanda mmoja mpana wenye mifereji mingi unaozungukia kila kitu. Mustang ya 1979 ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza. Wajapani wakafuata njia hiyo. Leo karibu kila gari linaloshushwa bandarini Dar lina mikanda ya mifereji, lakini mkono wa fundi bado unakumbuka 504. Anasikia kelele, anatafuta bolti ya kukaza.

Ukikaza kupita kiasi, kelele inaweza kukoma kweli. Unachofanya ni kuhamisha gharama. Mvutano wote unaenda kwenye beringi za alteneta na pampu ya maji, na baada ya miezi kadhaa unaanza mngurumo ule wa tatu. Mkanda ni bei ndogo, alteneta sio. Nimevua pampu za maji ambazo beringi zake zimekufa zikiwa bado mpya, na ukigusa mkanda umekazwa kama kamba ya hema.

Kwenye magari yasiyo na kikazio cha kujiendesha, kama IST, kipimo cha mkono kinatosha kwa matumizi ya kawaida: tafuta sehemu ndefu zaidi ya mkanda kati ya puli mbili, bonyeza katikati kwa kidole gumba kwa nguvu, kama unasukuma uzito wa kilo kumi. Ukishuka takriban sentimita moja, uko sawa. Ukishuka sentimita mbili, umelegea. Usiposhuka, mpunguzie. Na mkanda mpya usiuache hivyo hivyo. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinahesabu mkanda kuwa umetumika mara tu injini ikizunguka nao kwa dakika tano, kwa sababu dakika hizo za mwanzo zinatosha mpira kukaa kwenye mifereji na mvutano kushuka. Kwa hiyo nikifunga mpya, nawasha, natandika mkeka wa maneno na mteja, nazima, nakaza tena. Anayeondoka bila hatua hiyo atarudi kesho asubuhi akisema mkanda mpya unalia, na atakuwa anasema kweli.

Magari yenye tenshena ya springi, kama Corolla na RAV4 nyingi zenye injini ya 1ZZ, hayana cha kukaza. Tenshena inavuta yenyewe. Hapo naangalia mkono wake injini ikizunguka: unatakiwa kutulia, ukitikisika kidogo tu. Ukicheza ngoma, umechoka. Na kama tenshena imefika mwisho wa safari yake, mkanda umerefuka au mtu amefunga mrefu kuliko unaotakiwa. Tenshena iliyochoka nikiibakiza nikabadilisha mkanda peke yake, nimemuibia mteja kwa heshima.

Kutafuta beringi iliyokufa kuna njia mbili. Ya kwanza ni bisibisi ndefu: ncha kwenye mwili wa alteneta au pampu, mpini kwenye mfupa wa sikio, na uangalifu mkubwa karibu na mkanda. Sauti ya beringi mbovu inapanda kwenye chuma bila kificho. Ya pili ni kuvua mkanda kabisa na kuwasha injini kwa sekunde chache. Kelele ikipotea, iko kwenye vitu vinavyoendeshwa na mkanda. Ikibaki, umeokoa pesa yako, kwani iko ndani ya injini. Usizidishe sekunde hizo, maana kwenye magari kama IST pampu ya maji imesimama. Baada ya kuzima, zungusha kila puli kwa mkono. Nzima inazunguka laini na kimya. Mbovu inakwaruza, au ukiisukuma huku na huku inacheza.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza: mkanda ubadilishwe lini? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Mpira wa mikanda ya wakati huo ulipozeeka ulipasuka nyufa ndogondogo mgongoni mwa mifereji, unazihesabu, unaamua. Mikanda ya kisasa imetengenezwa kwa mpira wa aina nyingine, unaoitwa EPDM, na huo hauna haraka ya kupasuka. Unalika kidogokidogo kama tairi, ukabaki na sura nzuri. Mtu anaukunja, haoni ufa, anasema mzima. Wakati huohuo mifereji imelika mpaka mkanda unazama ndani ya puli na vilele vya puli vinagusa chini yake. Hapo hata ukikaza vipi unateleza. Kwa hiyo usitazame nyufa peke yake. Angalia umbo la mifereji: mpya ina kingo za V zilizo wazi, iliyolika ina mashimo mapana yaliyoviringa. Pitisha kucha. Tafuta vipande vya mpira vilivyoganda ndani ya mifereji, kokoto, na nyuzi zilizochomoza pembeni. Nyuzi pembeni ni ushahidi mwingine wa puli kutokuwa sawa.

Vumbi letu halisaidii. Mchanga laini wa barabara za vijijini ukiingia kwenye mifereji unasaga mpira na chuma pamoja. Magari ya mashambani nayaangalia mapema kuliko ya mjini, hata kama yametembea kilomita chache. Na gari la mtumba kutoka Japani, lenye kilomita nzuri kwenye dashibodi, linaweza kuwa na mkanda wa kiwandani wenye umri sawa na mtoto anayemaliza darasa la saba. Mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki.

Dukani, usitaje jina la gari peke yake. Noah ni nyingi, Corolla ni nyingi, na injini zake hazifanani. Nenda na mkanda wa zamani, au namba iliyochapwa mgongoni mwake. Ukiona 6PK1220, maana yake mifereji sita, aina ya PK, urefu milimita 1,220. Muuzaji akikuambia 1240 "inaingia", ni kweli itaingia, ila alteneta itavutwa mpaka mwisho wa nafasi yake na bado mkanda utalegea. Mikanda halisi ya Toyota mara nyingi ina namba inayoanza na 90916. Kampuni za Bando na Mitsuboshi, zote za Kobe, Japani, zinatengeneza mikanda ya magari mengi tunayoendesha, na boksi zake zinaigwa. Mimi huangalia maandishi: yamechapwa vizuri, hayatoki ukisugua kwa kidole chenye mate, na namba ya mgongoni inalingana na ya boksi. Si kipimo cha maabara, lakini kimenifanya nirudishe mikanda kadhaa dukani.

Kisha kuna sabuni. Kuna mshumaa. Kuna dawa za kupuliza kwenye kopo. Dereva anasimama kando ya barabara, anapaka kipande cha sabuni kwenye mkanda unaozunguka, kelele inakoma, anaona ameshinda. Sabuni na nta zinalainisha kwa muda na kubeba vumbi linaloganda kwenye mifereji. Za kopo zinanata, na kunata huko kunakusanya uchafu wote wa barabara ya Dodoma. Nikikuta mkanda umepakwa, siwezi tena kuamini kipimo changu cha maji, inabidi nianze kwa kusafisha kila kitu. Hiyo naitoza.

Pengine tatizo hili lote lina mwisho. Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009, haina mkanda wowote wa nje: pampu ya maji, kompresa na stelingi vyote vinaendeshwa kwa umeme. Zimeanza kufika hapa. Nikifungua boneti yake naona ukimya, na naona kazi ambayo haitaniletea chochote.

Kwa magari mengine bado tupo. Mkanda ukikatika njiani, dalili zinakuja kwa pamoja: taa nyekundu ya betri inawaka, usukani unakuwa mzito kama unaendeshwa na mkanda huo, AC inapuliza hewa ya kawaida. Kinachoamua hatima yako ni pampu ya maji. Ikiwa inaendeshwa na mkanda huo, injini haipozwi tena na mshale wa joto utapanda ndani ya dakika chache. Simama pembeni na uzime, hata kama unaona mji mbele. Ikiwa inaendeshwa na taimingi belti, kama kwenye injini nyingi za 3S, unaweza kuendelea kwa umeme wa betri pekee, mchana, taa, redio na feni ya ndani vikiwa vimezimwa, mpaka kituo kilicho karibu. Hadithi ya kufunga soksi ndefu ya kike badala ya mkanda ilikuwa na ukweli kidogo enzi za mkanda wa V na puli tatu. Kwenye mkanda wa mifereji unaopita puli sita, utapoteza soksi tu.

Anayeelekea Iringa namsisitizia aangalie kabla hajafika Mikumi. Barabara inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na si mahali pa kushuka na kuinua boneti huku tembo wanakutazama. Baadhi ya wateja wangu wa njia hiyo hubeba mkanda wa akiba, na sio lazima uwe mpya. Ule niliouvua ukiwa bado una uhai, kwa sababu tu tulikuwa tunafungua pampu, naufunga kwenye nailoni, naweka chini ya kiti cha dereva pamoja na spana namba 12 na 14.